Tunakulia wapi? Historia fupi ya meza kabla ya teatri, toka Elisabethville mpaka Kolwezi



Leo nawaandikia juu ya sahani ya chakula. Musicheke kwanza, mufike mwisho.

Siku ya posho moja, sisi watu kumi na mmoja tuliosoma pamoja tulipatana kwenda kuangalia teatri hapa Kolwezi. Kikundi kilitoka Lubumbashi, mchezo wa Kiswahili, saa moja ya magaribi. Tiketi hazikuleta shida. Shida ilikuwa swali moja kwenye telefone: "Tunakulia wapi mbele ya kuingia?" Mwenzetu mmoja anayefanya kazi katika kompani ya mgodi alitaja restora mpya ya mjini, yenye taa nyingi na viti vya ngozi. Mwingine akasema hapana, twende kula michopo Manika. Wa tatu akasema pale Manika kuko kelele, na mavumbi yataingia kwenye nguo za kutokea. Siku mbili nzima tunabishana. Mwishoe tulienda kwenye taa, kwa sababu aliyeitaka aliongea kwa nguvu kuliko wote.

Mezani tulikaa tisa. Mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa. Yule mwingine, nitamwita tu Mwalimu kwa sababu njo kazi yake, alitukuta kwenye mlango wa teatri. Nikamwuliza, mbona haukuja? Akajibu: "Miye nilishakula ku nyumba." Sawa. Lakini nilipotoka nje kidogo katikati ya mchezo, nilimwona kando ya barabara kwa mama mmoja anayeuza mikate na karanga. Alikuwa anakula haraka haraka, amegeuza mgongo. Aliponiona alicheka. Miye sikucheka.

Mwalimu na miye tulisoma historia pamoja, amphitheatre moja, benchi moja. Kwa hiyo nilipofika nyumbani nilijiuliza swali la watu wa historia: katika inchi hii ya shaba, toka zamani, nani alikuwa anachagua meza ya kula kabla ya kuangalia mchezo? Na nani alibaki nje?

Tuanzie wakati wa Wabelgiji. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906, Elisabethville ikaanzishwa 1910, na Kolwezi yetu ikaanzishwa 1937 ili iwe kituo cha migodi ya magaribi. Miji hii ilichorwa mara mbili: mji wa wazungu na cité ya weusi. Kule Elisabethville waliacha hata uwanja mtupu katikati, ili pande mbili zisigusane. Usiku mtu mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea katika mji wa wazungu bila karatasi. Mvinyo na pombe kali vilikatazwa kwake mpaka sheria ilipolegezwa katika miaka ya 1950. Filamu ambazo angeweza kuona zilichaguliwa na wakubwa.

Sasa fikirini. Teatri inaanza magaribi na kuisha usiku. Restora iko mjini. Kama saa ya kutembea imefungwa, na kiti kimefungwa, na glasi imefungwa, swali la "tunakulia wapi" haliwezi hata kuzaliwa. Babu zetu walioingia katika restora za mji usiku waliingia kwa mlango wa jikoni. Walijua bei ya kila sahani na jina la kila supu, lakini hawakukaa.

Haina maana kwamba hawakula. Kompani iliwalisha. Kufika mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilikuwa imechoka na wafanyakazi wanaokimbia kila miezi michache, ikaamua kuwakalisha kambini pamoja na bibi na watoto, kwa kontra ndefu. Nyumba ya kompani, hospitali ya kompani, masomo ya kompani, na chakula cha kompani: posho. Unga, nyama, samaki, mafuta, chumvi, vyote kwa kipimo. Posho iliingia katika maisha mpaka ikashika jina la siku. Wenzetu wa Dar es Salaam wanasema Jumamosi. Sisi tunasema siku ya posho, hata leo, hata mtu ambaye hajapokea posho toka azaliwe. Na siku hiyo hiyo njo siku ya kutoka, ya ngoma, ya mpira, ya teatri.

Kwa hiyo mzazi wa kambini hakuwa na njaa, lakini hakuchagua. Alikula kile kilichopimwa, akaangalia filamu ile ambayo kompani ilileta kambini. Watu waliita kompani baba na mama, na mtoto kwa baba hachagui sahani.

Mwaka 1960 mambo yakageuka. Elisabethville ilikuwa na jumba zuri la teatri, lililojengwa katikati ya miaka ya 1950 kwa ramani ya Mbelgiji Claude Strebelle. Tarehe 11 mwezi wa 7, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga, na jumba lile la michezo likawa nyumba ya wabunge wa Katanga. Wazee wa Lubumbashi hawakosi kufanya mzaha hapo, na miye sitauongeza.

Mwaka huo huo kuko chakula kimoja cha restora ambacho kila mwanahistoria wa Congo anapashwa kukijua. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong wa Marekani alikuwa anazunguka Afrika kwa gharama ya serikali yake. Mwezi wa 11, kule Léopoldville, alikula magaribi katika restora pamoja na bibi yake na bwana mmoja wa ambasade ya Marekani aliyejulikana kama afisa wa mambo ya siasa. Mwanahistoria Susan Williams, katika kitabu chake White Malice cha mwaka 2021, anaeleza kwamba bwana yule alikuwa Larry Devlin, mkubwa wa CIA katika Congo. Armstrong hakujua. Mwezi huo huo alikuja kupiga muziki Elisabethville. Marekani haikuwa imekubali rasmi serikali ya Tshombe, na kwa maelezo ya Williams safari ya muziki iliwapatia Wamarekani sababu nzuri ya kuingia Katanga na kuongea na wakubwa wake. Wakati ule Lumumba alikuwa amefungiwa katika nyumba yake Léopoldville, askari kila upande. Alitoroka tarehe 27 mwezi wa 11, akakamatwa siku chache nyuma, na tarehe 17 mwezi wa 1, 1961, akauawa hapa Katanga, karibu na Elisabethville.

Sisemi sahani ile iliua mtu. Nasema tu: mpiga tarumbeta alifikiri anakula na mtu anayependa muziki. Aliyechagua kukaa naye mezani alikuwa na hesabu yake. Mgeni alikula, aliyelipa alipata.

Baada ya uhuru, tarehe 1 mwezi wa 1, 1967, Mobutu akanyanganya Union Minière mali yake, ikawa kompani ya serikali, ile ambayo tunaijua kwa jina la Gécamines. Hapa Kolwezi wazazi wetu wengi waliona miaka mizuri. Kadre mweusi aliingia katika cercle ambamo baba yake alikuwa anafagia. Alikaa, akaagiza, akalipa kwa kutia sahihi. Lakini tuseme ukweli: cercle ilikuwa ya kadre. Mfanyakazi wa chini alibaki kambini na bukari yake. Mlango wa rangi ulifunguka, mlango wa grade ukabaki. Halafu mwezi wa 5, 1978, vita viliingia mjini. Toka tarehe 13, waasi waliotoka Angola walishika Kolwezi, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakaruka na parachute. Mamia ya watu walikufa, weusi na weupe. Wazungu wengi waliondoka, na magaribi za Kolwezi hazikuwa tena zile.

Sasa nifike kwenye chakula ambacho njo kiini cha maandiko haya. Kilikuwa nyumbani, kati ya marafiki, kule Lubumbashi mwaka 1986.

Kwetu, toka miaka ya 1950, kuko teatri ya watu ambayo haiandikwi. Vijana wa masomo, wa skauti na wa cité walianza na vichekesho na ngoma. Kutoka humo kikazaliwa kikundi cha Mufwankolo, ambacho kila nyumba yenye radio au televizyo ilikijua. Wachezaji wake walipatana kwanza juu ya hadithi, wakagawana nafasi, wakajaribu, halafu kila mmoja akatunga maneno yake pale pale, kwa Kiswahili chetu cha kila siku. Johannes Fabian, mtaalamu wa mambo ya jamii aliyekuwa amefundisha Lubumbashi miaka ya 1970, alirudi mwaka ule wa 1986. Wakiwa mezani na marafiki, kuku akaletwa. Ninyi wote munajua: firigisi ya kuku haipewi mtu yeyote tu. Ni ya mkubwa, au ya mgeni wa heshima, na haikatwi. Hapo njo ukatoka msemo, kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier. Ukubwa unakulwa muzima.

Fabian akawapelekea wachezaji msemo ule, akiwauliza maana yake. Wao hawakumpa jibu la mdomo. Walitengeneza mchezo. Walibishana kati yao, wengine wakisema msemo unafundisha heshima kwa mkubwa, wengine wakiuliza kama mkubwa anayekula peke yake anaweza kuongoza watu. Wakatunga hadithi ya kijiji, shef na watu wake, wakaenda kuichezea katika kijiji cha kweli nje ya mji, televizyo ikaichukua. Kumbukeni ilikuwa wakati wa Mobutu, chama kimoja, picha moja kwenye kila ukuta. Kuuliza mbele ya kamera kama ukubwa unaweza kugawanywa, hata kwa njia ya shef wa kijiji, haikuwa mchezo mdogo. Fabian aliandika yote katika kitabu Power and Performance, mwaka 1990.

Ninapenda hadithi hii kwa sababu mbili. Kwanza, wakubwa wa nchi hawakuwa mezani pale. Ni watu walikuwa wanakula kuku, na kutoka kwenye kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba wakapata swali la inchi nzima. Pili, kwetu chakula na teatri havikuwa vitu viwili. Kile ambacho wazungu wa Elisabethville walifanya kwa saa mbili na kwa nyumba mbili, restora halafu jumba, sisi tulikifanya mezani pamoja: mutu anakula, anacheka, anaiga shef, mwingine anajibu.

Miaka minne nyuma yake, mezani kukaanza kukosa vitu. Mwezi wa 9, 1990, mgodi wa Kamoto uliporomoka, na Kamoto ilikuwa moyo wa Gécamines. Mwaka 1991 uporaji ukaja. Kompani iliyokuwa inatoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980 ilishuka chini ya tani 50,000 kufika 1994. Mishahara ikachelewa, halafu ikapotea. Na mezani kukakosa pia watu. Mwaka 1992 na 1993 wandugu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, watu waliozaliwa hapa, waliokaa na sisi benchi moja. Walilala kwenye stesheni kungojea treni, na wengi walikufa njiani. Kati yao walikuwa walimu, wapishi, wapiga muziki. Tunapoongea juu ya nani alibaki nje, hiyo si ya Wabelgiji. Hiyo ni yetu.

Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa kupenda", uliolipiwa na Banki ya Dunia. Mzee Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi alikuwa ameshaandika mwaka 2001 kitabu juu ya watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba ni nani? Munamjua. Ni yule aliyekuwa anapima posho.

Baba alipoondoka, nani alilisha mji? Mama wa malewa. Bibi wa mfanyakazi ambaye zamani aliandikwa kwenye kitabu cha kompani kama mtu wa kulishwa, alitoa sufuria nje, akatafuta makala, akapika bukari, sombe, thomson, maharagi, akauzia wapita njia kwenye benchi ya mbao. Watoto wengi walifika chuo kikuu kwa benchi ile. Miye ni mmoja wao. Ninaposikia mutu anasema "malewa si pahali pa kupeleka watu wenye diploma", nauliza tu diploma ile ililipiwa na sufuria gani.

Leo Lualaba ni jimbo toka 2015, na Kolwezi ni mji mkubwa wake. Congo imepita Peru, ni ya pili duniani kwa shaba, nyuma ya Chile tu. Restora ziko nyingi: za Wachina, za Wahindi, za Walebano, za mahoteli. Sheria haifungii mutu mlango. Lakini bei iko mlangoni, imesimama kama polisi wa zamani. Ile magaribi yetu sahani moja ilikuwa karibu dola 25, bila kinywaji. Kwa mwenzetu wa kompani, ni kitu kidogo. Kwa Mwalimu, hesabu ya kwenda na kurudi, tiketi na sahani, ilikula sehemu kubwa ya mwezi. Na sisi tulioketi hatukumfukuza. Tulichagua tu pahali ambapo hawezi kukaa, halafu tukashangaa hayuko.

Kwa hiyo nilipendekeza mambo matatu kwa promosyo yetu, na ninawapatia na ninyi.

La kwanza: mwenye mfuko mdogo asemwe wa kwanza, bila kumwuliza mbele ya watu. Mmoja amwandikie kando, ajue uwezo wake, halafu huyo mmoja atoe pendekezo kama lake. Mutu hapendi kusema "sina" mbele ya watu kumi.

La pili: tuangalie saa kabla ya kuangalia taa. Malewa inapika mchana, magaribi sufuria ziko tupu. Michopo inaanza kuwa tamu jua likishuka. Nganda ina chakula usiku, lakini kuku wake anaweza kukungojesha saa nzima. Kama mchezo ni saa moja, mukae mezani saa kumi na moja, karibu na jumba, mutembee kwa miguu. Au mupatane na mama mmoja siku mbili mbele, mumupe pesa ya soko. Atapika kwa ajili yenu.

La tatu: kama mwenye uwezo anataka kulipia wote, asante sana, lakini aseme mbele, kwa sauti ya chini, na asichague meza kwa sababu hiyo. Tuliona wenye kulipa walivyofanya katika historia yetu.

Mchezo uliofuata tulijaribu. Tulipatana na mama mmoja wa Manika, katika kiwanja chake, chini ya mti wa maembe. Bukari, sombe, thomson, na kuku mmoja kwa heshima. Tulikuwa kumi na mmoja kamili. Kila mtu alitoa kiasi kile kile, na hakuna aliyetoka na deni. Mavumbi yaliingia kwenye nguo, ni kweli. Sahani ya kuku ilipofika, firigisi ilikuwa juu kabisa, moja, na mabishano yakaanza: ya nani? Wa kompani akasema ni ya mkubwa wa promosyo. Mkubwa wa promosyo akasema ni ya mgeni. Mama akasema ikiwa hamuitaki kuna mjukuu wangu hapa. Mtu mmoja akasema tuikate kumi na moja, kila mtu apate siasa yake, tukacheka mpaka majirani wakachungulia.

Mwalimu alinyoosha mkono, akaichukua, akaila nzima. Kisha akaangalia saa yake, akasema: "Haya, tusimame. Njo wanaanza."

Ninyi wa Likasi, wa Fungurume, wa Lubumbashi, na ninyi mulio mbali: wazazi wenu walikulia wapi kabla ya teatri, na nani alilipa? Mutuandikie. Historia hii haijaandikwa yote.